Tovuti haiwezi kuifungia kompyuta yako, inafungia dalili tu

Ndugu Mhariri,

Kurasa za teknolojia za magazeti yetu, lako likiwamo, hupenda kuandika kwamba tovuti fulani "imeifungia kompyuta" ya mtumiaji aliyevunja kanuni. Kauli hiyo ni fupi na inaeleweka upesi, ila si kweli, na inaumiza pande mbili. Aliyefungiwa kimakosa hukimbilia kununua kifaa kipya bila sababu. Msimamizi wa tovuti naye huamini amemtoa mkorofi mmoja, kumbe amewazuia watu mia wasiohusika huku mkorofi mwenyewe akiendelea na shughuli zake. Kazi yetu ni kusimamia seva na kupambana na matumizi mabaya ya tovuti, na tunaomba nafasi ya kueleza kinachofanyika hasa.

Kuna uvumi mmoja unaojirudia kuliko yote: kwamba tovuti husoma anwani ya MAC, ile namba ya biti 48 iliyomo kwenye kadi ya mtandao, na kuizuia. Haiwezi. Namba hiyo hutumika kati ya kifaa chako na ruta ya kwanza tu. Pakiti, yaani kifurushi cha data, ikivuka ruta, namba ya kifaa chako inabaki nyuma na pakiti inasafiri na nyingine. Kivinjari nacho hakina amri yoyote ya kuipatia tovuti namba hiyo. Isitoshe, tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hubuni anwani ya MAC ya bandia kwa kila mtandao wa Wi-Fi zinaojiunga nao. Namba ya utambulisho ya diski, ya bodi mama au ya kichakataji, zote hizo tovuti iliyofunguliwa ndani ya kivinjari haizioni. Michezo ya kompyuta inayofunga programu yake ya kuzuia udanganyifu ndani kabisa ya mfumo endeshi inaweza kuzisoma, na huko ndiko maneno "kufungiwa mashine" yalikopata maana. Kwenye tovuti maneno hayo yameazimwa vibaya.

Basi tovuti inaona nini? Kwanza kabisa inaona anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako kwenye intaneti, kwa sababu bila hiyo isingejua irudishe majibu wapi. Hapa tutakaa kidogo, maana makosa mengi yanazaliwa hapa.

Anwani za IP za toleo la nne (IPv4) zina biti 32, yaani jumla yake ni takribani bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia ilimalizika Februari 2011. Watoa huduma, hasa wa simu, waliziba pengo kwa kuwapitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Mwaka 2012 kundi maalumu la anwani, 100.64.0.0/10 (namba iliyo baada ya mkwaju ni idadi ya biti za mwanzo zinazofanana; ikiwa ndogo, kundi ni kubwa), lilitengwa kwa ajili ya matumizi hayo ya ndani. Hesabu yake si ngumu. Kila anwani ya nje ina poti, yaani namba za kutofautisha miunganisho, 65,536. Ukiondoa 1,024 za mwanzo zinabaki 64,512. Mtoa huduma akimgawia kila mteja poti 1,000, wateja 64 wanakaa nyuma ya anwani moja. Akigawa 500, wanafika 129. Kuizuia anwani ya namna hiyo ni kulifunga lango la nyumba ya kupanga kwa kosa la mpangaji mmoja, na mpangaji huyo akizima data na kuiwasha tena, huenda akapewa anwani nyingine akaingia kama mgeni mpya. Wasio na hatia ndio wanaobaki nje.

Jambo hili lilionekana kwa ukubwa wa nchi nzima mwanzoni mwa mwaka 2007, Wikipedia ilipoizuia anwani moja iliyokuwa ikitoa uharibifu wa makala. Ikabainika kwamba karibu trafiki yote ya Qatar ilikuwa ikipitia anwani hiyo hiyo. Kizuizi kikaondolewa baada ya muda mfupi, na mfano huo hadi leo wanafundishwa wasimamizi wapya. Programu inayoendesha Wikipedia imejifunga yenyewe kwa tahadhari ya aina hiyo: kizuizi kinachojiwasha chenyewe kwenye anwani ya mwisho ya mtu aliyefungiwa hudumu saa 24 kisha hufa, na kwa mipangilio ya kawaida msimamizi haruhusiwi kuzuia kundi la anwani kubwa kuliko /16, ambalo tayari ni anwani 65,536. Anayeandika /8 kwa hasira kwenye kinga yake ya mtandao amefuta sehemu moja kati ya 256 ya intaneti yote ya toleo la nne, na wapo wanaofanya hivyo.

Toleo la sita la anwani za IP (IPv6) limegeuza tatizo juu chini. Huko mteja mmoja wa nyumbani hapewi anwani moja. Hupewa kipande cha /64, chenye anwani zaidi ya bilioni 18 mara bilioni, na wengine hupewa /56 au /48, ambazo ni vipande vya /64 mia mbili hamsini na sita au 65,536. Kifaa hujichagulia anwani za muda ndani ya kipande hicho, na kwa kawaida huanza kutumia mpya kila siku. Tovuti inayozuia anwani kamili ya biti 128 inapoteza muda wake: kesho mtu yuleyule anarudi bila hata kujua kwamba alizuiwa. Zuia /64. Ukiona usumbufu unatokea kwenye vipande kadhaa vya jirani, panda hadi /56, na kabla ya kupanda zaidi jiulize mara mbili. Tumeona mifumo mingi ambayo safu ya hifadhidata ya anwani ina herufi 15 tu, urefu wa anwani ya zamani. Anwani mpya hukatwa katikati, na kizuizi ama hakimpati mtu yeyote ama kinawapata wasiohusika kabisa. Maandishi ya anwani ya toleo la sita yanahitaji nafasi ya herufi 39, na 45 ikiwa inaandikwa pamoja na ya toleo la nne ndani yake.

Kama anwani moja ni ya watu wengi, kumbukumbu za seva zinapaswa kuandika na namba ya poti ya mgeni, pamoja na saa kamili hadi sekunde, kwa saa ya kimataifa ya UTC, kutoka kwenye seva ambayo saa yake inasawazishwa. Mapendekezo hayo yalitolewa rasmi mwaka 2011 na bado seva nyingi haziandiki poti. Bila poti, hata mtoa huduma akiamriwa na mahakama kutaja mteja, hawezi kujua ni yupi kati ya wale 64.

Kuna kosa jingine la aibu ambalo halina uhusiano na wageni kabisa. Siku hizi tovuti nyingi hukaa nyuma ya seva wakala, yaani seva ya kati inayopokea maombi kwa niaba ya tovuti, au mtandao wa kusambaza maudhui. Programu ya tovuti, isipoelekezwa, huona anwani ya seva wakala badala ya ya mgeni. Msimamizi anamfungia mtu mmoja saa nne asubuhi. Dakika moja baadaye hakuna anayeingia, hata yeye mwenyewe. Dawa ni kusoma kichwa cha ombi kiitwacho X-Forwarded-For, ambamo seva wakala huandika anwani ya mgeni, lakini nacho kina mtego: mgeni yeyote anaweza kukituma akiwa amekijaza uongo. Ukichukua anwani ya kwanza kushoto bila kufikiri, umempa mkorofi kalamu ya kuandika jina analotaka, na anaweza hata kukufanya umfungie mtu mwingine kwa makusudi. Orodhesha anwani za seva wakala zako mwenyewe, soma kichwa hicho kutoka kulia kwenda kushoto, ruka zile unazoziamini, na ya kwanza usiyoitambua ndiyo ya mgeni. Seva nayo isikubali maombi yanayokuja moja kwa moja bila kupitia kwa wakala, la sivyo kazi yote ni bure.

Orodha za anwani mbaya zinazouzwa au kutolewa bure zinahitaji onyo. Orodha ya PBL ya Spamhaus, shirika linalopambana na barua taka, kwa mfano, inataja anwani za wateja wa kawaida ambazo hazitakiwi kutuma barua pepe moja kwa moja bila kupitia seva ya mtoa huduma. Si orodha ya wahalifu. Tovuti inayoitumia kuzuia wasomaji inawafukuza watu wa majumbani, ambao ndio wasomaji wenyewe. Orodha ya milango ya kutokea ya mtandao wa Tor, unaoficha anwani za watumiaji wake, iko wazi kwa umma, na kuitumia ni rahisi. Bora itumike kuzuia kuandika na kufungua akaunti, si kusoma.

Vidakuzi, yaani faili ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari, havina maneno mengi. Vimekuwapo tangu kivinjari cha Netscape cha mwaka 1994, na kwa mtu asiye mjuzi bado ndiyo dalili sahihi kuliko zote, kwa kuwa kidakuzi hukaa kwenye kivinjari kimoja tu na hakimgusi jirani. Mpe kila mgeni namba ya nasibu ndefu, weka sifa za HttpOnly (hati, yaani programu ndogo, za ukurasa zisikisome) na Secure (kisitumwe bila usimbaji), na uamuzi wa nani amefungiwa ubaki kwenye seva. Wanaoandika kidakuzi chenye neno "amefungiwa" wanamwonyesha mtu kitu cha kufuta. Udhaifu wake unajulikana: dirisha la faragha halikioni, na kufuta historia hukiondoa. Chrome tangu mwaka 2022 haikubali kidakuzi kiishi zaidi ya siku 400, na Safari hufuta kile kilichoandikwa na hati ya ukurasa baada ya siku 7 za kutumia kivinjari bila kuigusa tovuti hiyo. Mwaka 2010 mtafiti wa usalama Samy Kamkar alionyesha jinsi ya kuficha namba moja katika maghala mengi ya kivinjari ili ikifutwa huku ifufuke kutoka kule. Vivinjari vimeziba mengi ya matundu hayo, na ghala la Flash, programu ya zamani ya kuonyesha video na michezo ndani ya kivinjari, lilikufa pamoja na Flash yenyewe mwishoni mwa 2020. Anayefufua kidakuzi ambacho mtu amekifuta kwa hiari yake, kwa maoni yetu, amevuka mpaka hata kama sababu yake ni njema.

Ndipo tunafika kwenye alama ya kivinjari, ambayo watu huiogopa na kuitukuza kupita kiasi. Tovuti hukusanya mambo madogo madogo ambayo kivinjari huyasema bila kuombwa ruhusa: toleo lake, lugha, saa za eneo, ukubwa wa kioo, idadi ya viini vya kichakataji, jina la kadi ya michoro, fonti zilizomo. Kisha huamuru kivinjari kichore maandishi na maumbo kwenye turubai isiyoonekana na kusoma picha iliyotokea nukta kwa nukta. Kadi ya michoro, kiendeshi chake, fonti na namna ya kulainisha kingo za herufi hutofautiana, kwa hiyo mchoro uleule hutoka na tofauti ndogo ambazo jicho halizioni. Mbinu hii ilielezwa na watafiti Mowery na Shacham mwaka 2012, na kufikia 2014 watafiti waliikuta katika zaidi ya asilimia 5 ya tovuti 100,000 zenye wageni wengi zaidi.

Je, inamtambua mtu? Utafiti wa Peter Eckersley wa EFF, shirika la kutetea haki za kidijitali, mwaka 2010, ulipima vivinjari 470,161 na kukuta asilimia 83.6 havina pacha. Namba hiyo hunukuliwa hadi leo kana kwamba ni ya jana. Waliopimwa walikuwa wageni wa tovuti iliyoandaliwa kwa ajili ya jaribio lenyewe, watu wenye hamu na mambo ya faragha, na vivinjari vya wakati ule vilimwaga orodha nzima ya fonti kupitia Flash na Java. Utafiti uliochapishwa 2018 ulichukua alama zaidi ya milioni 2 kutoka tovuti ya kawaida yenye wageni wengi. Zisizo na pacha zilikuwa asilimia 33.6 tu, na kwa simu peke yake asilimia 18.5. Sababu inaeleweka. Simu mbili za modeli moja zina kioo kimoja, kadi moja ya michoro na fonti zilezile za kiwandani. Chrome nayo tangu 2023 imepunguza maelezo: kwenye Android hujitambulisha kwa tovuti zote kuwa ni "Android 10" ya modeli "K", iwe simu ya aina gani. Kivinjari cha Tor kinakataa kutoa mchoro wa kweli, na kivinjari cha Brave huuchafua kidogo ili usilingane kati ya tovuti na tovuti.

Kwa hiyo alama ya kivinjari ina kasoro za aina mbili kwa pamoja: inafanana kwa watu tofauti na inabadilika kwa mtu yuleyule. Kasoro ya pili inazidishwa na uvivu wa waandishi wa programu. Wanachukua sifa ishirini, wanazisaga kuwa namba moja, na kulinganisha namba hiyo. Kivinjari kikijisasisha, sifa moja ikabadilika, namba nzima inakuwa ngeni. Ni afadhali kuhifadhi kila sifa peke yake na kuipa uzito: kubadilika kwa toleo la kivinjari hakumaanishi chochote, kubadilika kwa kadi ya michoro kunamaanisha mengi. Na jibu linalotoka liwe alama za kushuku, kamwe lisiwe hukumu. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Tovuti ina wageni 200,000 kwa siku, na waliofungiwa wanaojaribu kurudi ni 50. Mfumo unaokosea mara moja katika kila watu 200 unasikika kuwa mzuri sana, lakini kila siku utawakamata watu karibu 1,000 wasiohusika ili uwapate wale 50. Ukifunga milango moja kwa moja kwa kutumia matokeo hayo, kati ya kila 20 unaowafukuza, 19 umewaonea.

Alama ya muunganisho wenyewe, kama JA3 iliyotolewa na wahandisi wa Salesforce mwaka 2017, huangalia jinsi programu inavyojitambulisha inapoanza mazungumzo ya siri na seva. Inatambua aina ya programu, si mtu: Chrome zote za toleo moja zilikuwa na alama sawa. Inafaa kunasa roboti inayojidai kuwa Chrome huku ikizungumza kama hati iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Python. Mwaka 2023 Chrome ilianza kuchanganya mpangilio wa vipengele vyake kila inapounganika, na waliokuwa wakizuia kwa JA3 wakaanza kuona maelfu ya "wageni wapya" ambao ni kivinjari kilekile. JA4, iliyokuja mwaka huohuo, hupanga vipengele hivyo kwanza kabla ya kuvihesabu.

Programu ya simu ina uwezo zaidi ya tovuti, na huko kufungiwa kifaa kunakaribia kuwa kweli. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, Apple humpa mtengenezaji wa programu biti mbili kwa kila kifaa, zinazotunzwa na Apple yenyewe na zisizofutika hata programu ikiondolewa na simu ikasafishwa upya. Kwenye Android, tangu toleo la 8, kila mtengenezaji wa programu hupata namba yake tofauti ya kifaa, na hiyo hubadilika simu ikirudishwa hali ya kiwandani. IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, programu za kawaida hazisomi tena tangu toleo la 10. Athari ya biti hizo za Apple ni kwamba anayenunua iPhone iliyotumika anaweza kurithi adhabu ya mwenye nayo wa kwanza. Mtengenezaji anayetumia biti hizo lazima aweke njia ya kuzirudisha sifuri.

Kwa wasimamizi, mpangilio tunaoupendekeza ni huu. Fungia akaunti kwanza, kwa muda wowote unaostahili kosa, kwa sababu hapo hakuna jirani anayeumia. Anwani ya IP izuiwe kwa saa, si kwa miezi, na kizuizi kiwe cha kufungua akaunti mpya na kuandika, kikiwaachia wenye akaunti za zamani waingie. Kila kizuizi kiandikwe tarehe ya kuisha wakati kinapowekwa. Kinachoachwa wazi husahaulika, na mwaka ujao anwani hiyo itakuwa ya mtu mwingine. Programu ya fail2ban, ambayo wengi huitumia kulinda seva, kwa mipangilio yake ya mwanzo huzuia dakika 10 baada ya makosa 5, na muda huo mfupi hutosha kuikatisha tamaa roboti ya kubahatisha nywila. Alama ya kivinjari na kidakuzi vitumike kumpanga mgeni kwenye foleni ya kukaguliwa na binadamu, au kumwomba uthibitisho zaidi. Barua pepe zilinganishwe baada ya kusawazishwa: Gmail haihesabu nukta wala maneno yaliyo baada ya alama ya kujumlisha, hivyo anwani kumi zinazoonekana tofauti zinaweza kuwa sanduku moja. Usitumie sheria hiyo kwa watoa barua pepe wengine. Kwingine nukta hutofautisha watu. Na data hizi zina muda wake. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Oktoba 2016 kwamba hata anwani ya IP inayobadilika inaweza kuhesabiwa kuwa taarifa binafsi, na zana ya ukaguzi ya Wikipedia kwa kawaida hutunza kumbukumbu kwa siku 90. Sababu ya kutunza zaidi ya hapo inapaswa kuandikwa, si kudhaniwa.

Kwa msomaji aliyejikuta nje, usianze kwa kubadili kifaa. Soma namba ya kosa: 429 ina maana umetuma maombi mengi mno kwa muda mfupi, subiri tu, 403 ndiyo ya kukataliwa. Zima Wi-Fi ufungue tovuti kwa data ya simu bila kuingia kwenye akaunti. Ikifunguka, iliyozuiwa ni anwani. Isipofunguka, rudi kwenye mtandao wa awali ujaribu kivinjari kingine. Ikifunguka hapo, tatizo ni kidakuzi au alama ya kivinjari. Ikifunguka kila mahali mpaka unapoingiza nywila, kilichofungiwa ni akaunti yako. Kama ni anwani na hukumbuki kosa lolote, kagua programu za bure za VPN, zinazopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, na zile zinazoahidi malipo kwa "kushiriki intaneti": baadhi yake huwauzia wageni njia ya kupitia kwenye muunganisho wako, na makosa yao huandikwa kwa jina la anwani yako. Usifungue akaunti ya pili ili kuulizia ya kwanza, maana mfumo utazioanisha na sasa utakuwa na kosa la kukwepa adhabu. Waandikie ukitaja anwani yako ya nje, saa na saa za eneo, na namba ya tukio iliyo chini ya ukurasa wa kukataliwa kama ipo.

Hapo ndipo tovuti nyingi zinapoharibu: fomu ya kukata rufaa imewekwa kwenye seva ileile, nyuma ya kizuizi kilekile, na aliyezuiwa akibofya kiungo anapata 403 nyingine. Ukurasa huo uondolewe kwenye orodha ya kuzuia, uwekewe kikomo cha maombi machache kwa saa ili usigeuzwe jalala, na anwani ya barua pepe iandikwe kwa maandishi kwenye ukurasa wa kukataliwa wenyewe.

Wasimamizi wa seva, wasomaji wa gazeti hili